Ahadi ya Saa Sita

Mimi na Mwalimu Loisi tumegawana ukuta kwa miaka tisa. Yeye ana darasa la awali, mimi nina darasa la kwanza, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba mtoto wake akipiga chafya, wangu wanageuka kumtafuta. Kwa hiyo nikisema Loisi ni mbishi, sisimulii maneno ya kuambiwa. Akishaamua jambo, hata mwalimu mkuu hujifanya anatafuta miwani mpaka apite.

Shule yetu iko upande wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma mjini. Kila Novemba, kabla ya kufunga shule, Loisi huwaita wazazi wa watoto watakaoanza Januari. Watoto wenyewe hawaiti. Anawakalisha wazazi kwenye vile viti vidogo, magoti yakiwa karibu na kidevu, kisha anawafundisha wao. Mtoto ajue jina la mama yake, maana akipotea sokoni akaulizwa mama yako anaitwa nani, asijibu "anaitwa Mama." Ajue kufungua kifungo cha kaptula kabla haja haijamzidi. Ajue kufungua kopo lake la uji bila kumwita mtu. "Mimi nina mikono miwili," huwaambia, "na watoto sitini na wanne." Wazazi wakishacheka, anafika kwenye jambo lake kubwa, na hapo hakuna tena kucheka.

Jambo lenyewe ni kumtoroka mtoto. Kwetu mzazi akimleta mwanawe siku ya kwanza, humdanganya. Atasema anakwenda kununua biskuti, halafu huyo, anachepuka nyuma ya jiko la shule na kutimua mbio, kanga mkononi. Sisi wote tulilelewa hivyo. Mama zetu walikwenda shambani hivyo hivyo, na hakuna aliyeona kosa. Loisi aliliona. "Mkimdanganya mlangoni," aliwaambia, "mnaniletea mtu ambaye hamwamini mtu. Nitamfundishaje?"

Dawa yake ilikuwa hii. Mzazi achuchumae, amtazame mtoto machoni, aseme: "Ninakwenda. Nitarudi saa sita." Na kwa kuwa mtoto wa miaka mitano hajui saa, amfungulie njia ya kuijua: "Ukimaliza uji wako, mkaimba, mkafagia darasa, nitakuwa mlangoni." Kisha aondoke bila kuchelewachelewa, na saa sita ikifika awe pale kweli. Desemba nzima wafanye mazoezi. Amwache kwa jirani dakika tano, arudi. Amwache nusu saa, arudi. Amwache asubuhi nzima, arudi. Nilimtania kwamba amefungua stendi ya mabasi, kila mtu na saa yake ya kuondoka na saa yake ya kufika. Hakujali. Na ukweli niseme, zamani kilio cha Januari upande wa pili wa ukuta kilinifanya nifundishe kwa kupayuka, na alipoanza mafunzo yake kikapungua mpaka kikawa cha siku mbili tu. Nilinyamaza na utani wangu.

Novemba ya mwaka juzi alikuja mama mmoja aitwaye Raheli. Alikuwa fundi cherehani, mwenye meza yake kwenye kibaraza cha duka Area D. Mume wake, Fredy, anapakia magunia ya mahindi Kibaigwa, nyumbani huonekana Jumamosi. Walikuwa na mtoto mmoja, Jenifa, ambaye hajawahi kukaa mbali na sketi ya mama yake hata kwa muda wa kuchota maji. Na Raheli alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Mwalimu," alimwambia Loisi kikao kilipokwisha, nikiwa nimesimama pale pale, "nataka azoee kukaa bila mimi kabla sijaenda kujifungua. Nikilazwa siku mbili tu, huyu atajiua kwa kulia."

"Atazoea," Loisi akamjibu. "Wewe ukitimiza neno lako, yeye atatimiza lake."

Sijaona mzazi aliyeyashika mafunzo yale kama Raheli. Wengine walijaribu siku mbili wakachoka. Yeye alikuja kutupa taarifa shuleni wakati wa likizo, tumekaa ofisini tunapanga madaftari: leo amekaa kwa jirani saa nzima, leo hakulia, leo nilipochelewa kidogo alinisuta. Alikuwa akicheka anaposimulia. Hata uji alikuwa akimwekea kwenye kopo kule kule kwa jirani ili mtoto azoee utaratibu wote kama ulivyo: amalize uji, aimbe, afagie kidogo uwani, na mama huyo anatokea.

Shule ilipofunguliwa, Jenifa hakutoa chozi. Watoto wengine walikuwa wanajigaragaza kwenye vumbi, yeye amekaa kimya, kopo mapajani. Loisi alikuja dirishani kwangu kujisifu. Nilimpa sifa zake, alistahili.

Wiki ya tatu, Jumatano, nilimwona Raheli akimleta mtoto. Miguu ilikuwa imevimba mpaka amevaa kandambili za mumewe. Nilimuuliza anajisikiaje. "Kichwa tu, mwalimu, kinanigonga tangu jana." Nikamwambia akapumzike. Basi. Nikaingia darasani kutafuta chaki. Mimi nimezaa watoto wanne, nimekaa kliniki nikafundishwa kuhusu kichwa na miguu ya mjamzito, na nilimwambia akapumzike kama mtu aliyechoka kufua. Hilo sijamwambia Fredy mpaka leo.

Alichuchumaa kwa shida, ameshika ukuta. Akasema maneno yake yote, hakuruka hata moja, na akaondoka.

Saa sita hakuja. Jenifa alikaa kwenye ngazi ya mlango, Loisi naye akakaa karibu yake. Saa saba tukamwona bibi yake, mama yake Fredy, anakuja nusu mbio. Raheli alikuwa ameanguka akiwa kwenye cherehani. Hospitali walisema ni presha ya mimba, na walihangaika naye mchana ule wote. Alhamisi asubuhi alifariki, na mtoto wa kiume akiwa bado tumboni.

Alizikwa kijijini kwa kina Fredy, upande wa Mvumi. Jenifa hakupelekwa, aliachwa kwa jirani. Kaka yake Fredy wa mama mwingine, Mzee Batholomeo, ndiye aliyesimamia kila kitu, na ndiye aliyeamua kwamba mtoto ataambiwa mama amesafiri. Sitaki mtu amwone mbaya. Ndivyo tunavyofanya, mtoto haonyeshwi kaburi, anaambiwa safari, siku zinapita, anasahau au anakua. Lakini Jenifa akamuuliza baba yake mkubwa swali ambalo watoto wengine hawaulizi. Akasema, "Atarudi lini?" Na mzee, kwa huruma tu, akamjibu, "Jumatatu."

Jumatatu Jenifa akaja shuleni na bibi. Saa sita watoto wakatawanyika, yeye akakaa kwenye ngazi. Bibi akamshika mkono, mtoto akauchomoa. "Mama ananifuata." Bibi akasema mama amechelewa basi, atakuja kesho. Mtoto akakubali, akaenda. Kesho yake yakawa yale yale. Jumatano ilibidi bibi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, amfunge mbeleko mgongoni akiwa anarusha miguu. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anasema tu, kwa sauti ya kawaida, "Tutapishana naye, bibi. Akija hatanikuta."

Hapo Loisi aliingia ofisini akafunga mlango. Nilimfuata. Alikuwa amekaa na madaftari mbele yake, haandiki kitu.

"Nimemfunga mimi, Devota," akaniambia. "Angekuwa mtoto wa kudanganywa angeshazoea. Huyu nimemfundisha kwamba watu hurudi."

Alhamisi tulikwenda nyumbani kwao kuhani, mimi na yeye. Watu wa msiba walikuwa bado hawajatawanyika wote. Tuliketi kwenye mkeka, tukatoa pole, tukaletewa chai. Loisi akamgeukia Mzee Batholomeo akamwomba mtoto aambiwe ukweli.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "mimi nilifiwa na mama nikiwa mdogo kuliko huyu. Niliambiwa amekwenda Kilosa. Nimekufa?"

"Hapana, baba. Lakini wewe uliambiwa atarudi Jumatatu?"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Mtoto huyu ananisubirisha mlangoni kila siku," Loisi akaendelea. "Kila siku ni kama mama yake anakufa saa sita. Mnamuua Raheli kila siku mbele yake."

Nilitamani ardhi inifiche. Mwanamke haongei hivyo kwa mzee, tena kwenye msiba wa watu. Bibi alianza kulia. Fredy, ambaye alikuwa amekaa kwenye kona muda wote, akainua kichwa.

"Mwambie wewe, mwalimu," akasema. "Mimi nimejaribu jana. Nimefungua mdomo, nikaishia kumwambia ale."

Mzee Batholomeo akamtazama mdogo wake, kisha akatazama mkeka. "Basi mwambieni," akasema. "Lakini bibi yake awepo."

Ijumaa, watoto walipoondoka, Loisi alimkalisha Jenifa kwenye kiti kimoja, bibi kwenye kingine, na yeye akachuchumaa. Aliniomba nikae karibu na dirisha. Hakuzunguka. Alisema mama yako aliugua sana, madaktari wakamsaidia, mwili wake ukashindwa, akafariki. Mtu akifariki hawezi kutembea, hawezi kuongea, hawezi kurudi. Alitaka kurudi, Jenifa. Alitaka sana. Hawezi.

Mtoto alimsikiliza kama anavyosikiliza somo. Bibi alikuwa amejifunika kanga mdomoni. Kisha Jenifa akasema, "Siku ile sikumaliza uji."

Loisi hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa kabla yake na nikashika nondo za dirisha.

"Nilimwaga nyuma ya choo," Jenifa akasema. "Kidogo. Ulikuwa na madonge."

Alikuwa anaungama. Wiki nzima alikuwa amekaa na jambo hili peke yake. Aliambiwa ukimaliza uji, mkaimba, mkafagia, mama atakuwa mlangoni. Akaimba, akafagia, uji hakumaliza, na mama hakuja. Kwa akili yake hesabu ilikuwa imekamilika. Na sisi tuliokuwa tunamwona wiki ile akilamba kopo lake mpaka chini tulikuwa tunasema afadhali, anakula.

Loisi alimkumbatia. Alimwambia siyo uji, Jenifa, siyo wewe, hata ungemwaga wote, hata ungemwaga mwaka mzima. Alisema hivyo mara nyingi sana, huku analia kwa sauti, na mimi ambaye nimemjua miaka tisa sikuwahi kumsikia akilia. Mtoto alikuwa anampapasa mgongoni. "Sawa, mwalimu," akasema. "Sawa."

Jumatatu alimaliza uji wake, akaimba, akafagia, akaenda kukaa kwenye ngazi. Loisi akamwambia tena, maneno yale yale. Jumanne akamwambia tena. Alikuwa anamwambia kila siku, pale pale kwenye ngazi, na kila siku mtoto anajibu sawa, na bibi anasubiri pembeni na mwavuli wake. Nilimwuliza Loisi ataendelea mpaka lini. Akaniambia nisimuulize.

Ilikuwa karibu na mwisho wa Februari. Saa sita Jenifa akatoka darasani, hakukaa. Alimpa bibi yake kopo, akamshika mkono, wakaenda zao. Walimu wenzetu wakasema Mungu mkubwa, mtoto amezoea. Mwalimu mkuu akampongeza Loisi mbele ya watu. Hata mimi nilifurahi, nilikwenda nyumbani siku ile nikiwa mwepesi.

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni kwangu watoto wakiingia. Bibi alimleta Jenifa. Magoti yake ni mabovu, kuchuchumaa hawezi, kwa hiyo aliinama alivyoweza, akamshika kidevu, akasema kama alivyokuwa amefundishwa na Loisi, "Mjukuu wangu, ninakwenda. Nitarudi saa sita."

Jenifa alimtazama bila uchungu wala hasira. Akamwekea sawa kanga iliyokuwa inateleza begani.

"Labda, bibi," akamwambia, akaingia darasani.