Bei ya Kidole cha Mwisho

Usiku ule ulinigharimu kidole kimoja cha mguu wa kushoto, kile kidogo cha mwisho, na mpaka leo nasema bei ilikuwa nzuri. Nimebaki na tisa. Nimevihesabu, nikarudia kuvihesabu: tisa.

Kazi yangu ni kuuza viatu vya mtumba. Alinifundisha shangazi yangu Mwanahawa, dada wa baba, Mungu amrehemu, mwanamke aliyeweza kukuuzia kiatu ulichokuja nacho mguuni. Kiatu kikibana hatukitupi. Muuzaji anakivaa mwenyewe siku mbili tatu mpaka kilegee, halafu anakiuza kama kilizaliwa laini. Basi nikapata jozi ya ngozi nyeusi, namba arobaini na moja. Mimi navaa arobaini na tatu. Nikaivaa siku tatu, huku nawaambia wateja, "Bwana, kiatu hiki hata hukisikii mguuni!" Na nilikuwa nasema kweli tupu. Sukari niliyoishi nayo miaka minane, dawa nikimeza siku ninazojisikia vibaya tu, ilikuwa imeshaninyang'anya hisia za nyayo zote mbili. Kiatu kinanitafuna, mimi nakisifia.

Mke wangu Zuhura ndiye aliyeanza kusikia harufu. Alidhani panya amefia uvunguni. Tulihamisha kitanda, panya hakuwepo.

Hospitali nilipokewa na daktari binti, ningeweza kumzaa. Akapima sukari, akapima presha, akapima mafuta ya kwenye damu, akamalizia kwa kunizungushia futi tumboni kama fundi wa suti.

"Hawa wanne wanatembea pamoja, mzee," akasema. "Wameshaharibu mishipa ya miguu, na figo nazo wanazinyemelea. Kidole hiki kimeshakufa. Nikikitoa kesho, mguu unabaki. Ukisubiri, sijui nitakatia wapi."

Nikamwambia ngoja nikafikirie. Kwa lugha ya sokoni maana yake ni moja: punguza kwanza.

Jioni baba akaja nyumbani. Hakukaa hata dakika mbili akaanza.

"Dada yangu walianza naye hivihivi. Kidole, wakaja unyayo, wakaja goti. Wakishakuonja hao hawaachi. Tulimzika ana mguu mmoja. Usikubali, mwanangu."

Nikakubaliana naye. Nilipanda kitandani nimeshaamua: siendi.

Nikajikuta sokoni. Jua la saa sita, meza zote zimepangwa viatu, na mtu hakuna. Nikaanza kuhesabu mali. Vyote ni vya kushoto. Nikarudia kuhesabu, vya kushoto. Nikainua macho, na Shangazi Mwanahawa amekaa kwenye kigoda changu, amenyoosha miguu yote miwili, mizima, imepakwa hina mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, Shangazi."

Anautazama mguu wangu kama anavyotazama mali ya mtu mwingine, akitafuta kasoro.

"Unauza bei gani huo?"

"Siuzi."

"Mbona umeuanika mezani?"

Natazama, na kweli mguu wangu uko mezani katikati ya viatu, nami bado nimesimama. Nataka kuuchukua, lakini meza imekuwa benchi la hospitali, na Shangazi amesimama mbele ya dirisha ambalo ndani yake simwoni mtu. Sauti inasema, kidole. Shangazi anacheka, anakaza kanga kiunoni, anaondoka. Naujua mwendo ule, ndio alionifundisha: hatua za polepole, usigeuke, sikio liache nyuma. Kabla ya hatua ya saba muuzaji lazima akuite, "Haya njoo, njoo, tuelewane!"

Nahesabu hatua zake. Tano, sita, saba. Hakuna anayemwita.

Anarudi dirishani. Sauti inasema, unyayo. Anaondoka tena, na kila anapokanyaga hina inabaki sakafuni. Saba. Kimya. Anarudi, na sasa anarudi kwa mkongojo. Sauti inasema, goti.

Ndipo ananigeukia.

"Miaka yangu yote ya biashara hakuna aliyewahi kuniacha niende. Huyu wa dirishani aliniacha. Kila nikirudi, kapandisha."

"Baba anasema kisu ndicho kilichokuua."

Tuko chumbani kwake. Amelala, uso umevimba, figo zimeshakataa kazi, na glasi ya maji iko pale haruhusiwi kuimaliza. Baba ametugeuzia mgongo, anampepea kwa upepeo wa ukili. Anampepea taratibu sana, mtu angedhani anaogopa kumwamsha, na macho ya Shangazi yako wazi yananitazama mimi.

"Kaka yangu alinipenda," anasema. "Kila nilipotaka kurudi hospitali alisema tungoje kidogo, na mimi nilikuwa nataka kusikia hilohilo. Mwambie sikuuawa na kisu. Niliuawa na kungoja."

Baba haonekani kusikia. Anaendelea kupepea.

Halafu Shangazi anaketi, ananyoosha mkono, anaushika mguu wangu wa kushoto kwa nguvu za mtu aliyeshalipa.

"Kama hata wewe unangoja, basi nipe huu twende wote."

Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu niliyemheshimu kiasi kile.

"Siutoi! Kidole chukua, kimeshakufa. Mguu wangu siuzi. Sikuuzii wewe, siiuzii sukari, wala hiyo presha, wala mafuta, wala hili tumbo!"

"Toa viwili."

"Kimoja."

"Viwili, kwa heshima ya shangazi yako."

"Heshima yako ninayo moyoni. Kidole ni kimoja. Na siondoki hapa, Shangazi. Sipigi hata hatua moja."

Ananitazama. Anauvuta mguu, nauvuta. Kisha anacheka, kile kicheko alichokuwa akikitoa siku mteja amemshinda, na siku hizo zilikuwa chache. Akaniachia ghafla.

Nikaamka nimeukumbatia mguu kwa mikono yote miwili, jasho linanitiririka. Zuhura ameketi ananishangaa.

"Baba Asha, unagombana na nani?"

"Nafunga bei. Vaa, twende hospitali."

Yule daktari binti aliponiona akauliza, "Umeshafikiria?"

"Kimoja," nikamwambia. "Ukiongeza hata kucha, mimi na wewe hatutaelewana."

Alikata kimoja. Siku hizi dawa nameza nikijisikia vibaya na nikijisikia vizuri, na kila jioni Zuhura anazikagua nyayo zangu kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Wale wanne bado wananifuata. Wafuate tu, mguu hawapati.

Lililobaki ni ule ujumbe. Wiki iliyopita baba alikuja kunijulia hali. Naye ana sukari, miaka mingi kuliko mimi. Alifika mlangoni akakataa kuvua viatu, mzee aliyetufundisha kuvua viatu hata kwa jirani. Nikamwambia, "Baba, vua upumzishe miguu." Akasema yuko sawa, anangoja tu ipoe. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikaufungua tena, nikamuuliza kama atakunywa chai.

Nitamwambia, hilo halina mjadala, tena kabla ya Ijumaa. Lakini nikiyatamka maneno ya dada yake, ninamwambia pia nani aliyekuwa akimngojesha. Nyinyi ambao mmewahi kumpelekea mzazi neno zito kama hili, nishaurini: mlianzia wapi?