Wanafunzi Waliovuka Milima

Dada yangu alipokwenda Italia kusomea historia, Mama alikuwa bado na nguvu za kulima mwenyewe shamba letu la hapa Matiri. Kila Jumapili baada ya misa dada alipiga simu, nami niliiweka kwenye spika tukamsikiliza huku tukichambua kahawa kwenye chanja.

Alikuwa akitafiti jinsi chuo kikuu cha mji aliokuwa akisoma kilivyoanza, karne nyingi zilizopita. Mama hakusoma, lakini habari hizo alizipenda kuliko habari za baridi na vyakula vya huko. Dada alitueleza kwamba mwanzoni chuo hakikuwa na jengo. Mwalimu alifundishia nyumbani kwake au katika chumba cha kupanga, na wanafunzi, wengi wao wageni waliovuka milima kwa miguu, ndio waliomwajiri.

"Hao wageni waliishi na nani?" Mama aliuliza.

"Waliotoka nchi moja walishikamana, Mama. Waliteteana, wakauguzana, hata wakazikana."

"Na wewe umeshikamana na nani?"

Dada alicheka kidogo. Alisema yupo Mkongo mmoja anayezungumza naye Kiswahili. Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, alikuwa nacho kwenye simu tu, kwetu sisi.

Alipokaribia kumaliza masomo, Mama aliuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni muda mrefu. "Wale wa zamani, walipohitimu walirudi kwao?"

"Wengine walirudi," dada alisema. "Wengine waliombwa wabaki wafundishe. Na mimi nimeombwa, Mama."

Mama aliendelea kugeuza kahawa mpaka akafika mwisho wa chanja. "Basi fundisha vizuri, mwanangu. Ukipata likizo, njoo."

Alikuja mara moja tu. Tuliteremka naye hadi Lundo, kando ya ziwa, akala usipa wa kukaanga, wale dagaa wa kwetu, akasimama ziwani maji yakimfika magotini mpaka jua likawa kali. Nilitaka kumwambia abaki. Nilimwambia atoke, asije akaungua.

Siku hizi miguu ya Mama imechoka, kahawa naichambua peke yangu. Nikipata ganda zuri jekundu la buni lililosalia, hulitafuna kama tulivyofanya utotoni mimi na dada, na utamu wake hunifanya nigeuke kumtazama mtu ambaye hayupo.