Mgongo wa Rashidi

Rashidi wa Zuena alianza kubeba hata ndevu hajaota. Mdogo wake Tatu alilelewa mgongoni mwake, na Rashidi alipokua akawa mbeba magunia ya karanga pale stesheni ya Tabora, huku akiwatania wenzake waliokuwa wakitweta. Mtu mpole, mcheshi, mgongo mpana kama mlango. Alipoingia jeshini, majirani wa Gongoni walicheka wakasema huko nako watambebesha tu.

Alikufa Kongo, kwenye kikosi cha kulinda amani. Jeneza lilifika, akaoshwa, akazikwa. Kwa desturi, alichokiona muosha kwenye mwili wa maiti hakisemwi popote. Lakini Mzee Sabiri, aliyeongoza kumuosha, alimnong'oneza mkewe kwamba majeraha yote yalikuwa mgongoni. Mkewe naye akaenda bombani kuteka maji. Basi tena! Maneno ya Gongoni hayahitaji baiskeli. Ikawa Rashidi alipigwa risasi akikimbia vita.

Zuena alisikia. Kifo cha mwanawe alishamwachia Mungu. Kuitwa mama wa mwoga ndiko kulikomchoma.

Siku ya arobaini, dua imekwisha na watu wanakula pilau uani, akaingia kijana mmoja anayetembelea magongo.

"Shikamoo, mama. Naitwa Viktori Nahimana, natoka Ulyankulu. Nilikuwa na Rashidi kule. Hospitali wameniruhusu juzi."

"Marahaba, baba." Zuena alisahau hata kumkaribisha kiti. "Niambie ukweli. Mwanangu alikuwa anakimbia?"

"Ndiyo, mama. Alikimbia."

Watu wakaacha kula.

"Alikimbia na mimi," Viktori akaendelea. "Tulikuwa tunarudi nyuma, nikapigwa mguu, nikabaki njiani. Yeye alishafika kwenye handaki, yuko salama. Akanirudia. Akanitupa mgongoni, tukaondoka, mara risasi zikaanza kutoka nyuma yetu. Akanishusha."

"Akakushusha?"

"Akanihamisha, mama. Akanipakata kifuani kama mtoto, mgongo wake akawaachia wao. Nikamwambia, 'Rashidi, niache.' Akasema ninyamaze, mimi mzito kuliko gunia la karanga. Alinifikisha handakini, akanilaza taratibu. Ndipo akaanguka."

Zuena akamsogelea, akapitisha kiganja chake mgongoni mwa yule kijana, kisha kifuani, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Hapakuwa na kovu hata moja. Akamkumbatia akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu siku ya jeneza, na ndani ya uchungu ule alijisikia fahari hata akaona haya kidogo.

Alipotulia, akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akamtafuta Mzee Sabiri kwa macho. Mzee alikuwa ameinamia sahani yake kama aliyedondosha kitu ndani.

"Mzee Sabiri," Zuena akamwita mbele ya watu wote. "Kile ulichokiona mgongoni mwa mwanangu, leo nakupa ruhusa. Kaseme."