Karatasi Niliyomwekea Baba Mdogo

Pamba ikikaa ndani ya nyumba ina harufu yake: harufu ya mbegu zenye mafuta, ya vumbi lililochomwa na jua, na kwa mbali ya dawa ya wadudu. Kwetu Ngulyati, karibu na Bariadi, msimu ule tulilala nayo chumba kimoja, imerundikwa mpaka karibu na paa. Nilikuwa na miaka kumi. Kabla ya hapo tulikuwa wawili kwenye mkeka ule, mimi Doto na pacha wangu Kulwa. Homa ilimchukua Kulwa wakati wa palizi. Ilipofika mavuno nililala peke yangu, mgongo nimeuegemeza kwenye pamba, kwa sababu ilikuwa na joto kama mtu.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua. Tulikaa kwenye turubai kivulini mwa nyumba, pamba nyeupe tukaiweka huku, yenye madoa na vipande vya majani tukaiweka kule. Ya kwanza iliitwa safi, ya pili fifi, na chama cha msingi cha wakulima hakikupokea zikiwa zimechanganyika. Lakini mwaka ule yalianza kuja malori ya wanunuzi binafsi, na hao hawakuuliza kitu, walipima tu. Baba mdogo Shija, mdogo wake baba, alirudi kutoka Mwanza akiwa karani wa mnunuzi mmoja wa namna hiyo. Alirudi pia ameokoka. Baba alikuwa katekista, mwalimu wa dini wa kigango chetu cha Kikatoliki. Mdogo wake sasa alisali na kanisa jipya lililokutana kwenye darasa la shule.

Kila jioni kabla ya kula baba alimwombea Kulwa kwa jina lake. Jioni moja sote tukaitikia amina isipokuwa baba mdogo.

"Kaka, unajichosha," alisema. "Aliyekufa amekwisha kufika alikofika. Biblia yangu haina maombi hayo."

"Yangu inayo."

"Yako imeongezwa vitabu saba."

"Au yako imepunguzwa saba. Wewe Shija, mchana kutwa unapakia safi na fifi kwenye gunia moja, jioni unakuja kunichambulia Maandiko?"

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Baba mdogo naye alicheka, ila hakuliacha jambo. "Haya, Katekista, niambie. Wale walimu wa mwanzo, walioishi karibu na mitume kuliko wewe na mimi, walisemaje?"

Baba aliingia ndani akatoka na daftari lake la kozi ya makatekista, karatasi zimekuwa za njano. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mwalimu mmoja mkubwa wa kale, aliyetafsiri Maandiko kwa Kilatini, alivitilia shaka vitabu vile. Askofu mmoja wa wakati wake, mtu wa Afrika ya kaskazini, alivipokea, na Kanisa likaendelea kuvisoma.

"Umeona!" baba mdogo alisema.

"Nimeona," baba alijibu. "Ningeweza kuuruka mstari wa kwanza. Lakini umeuliza."

Wao walianza kula. Mimi nililirudisha tonge sahanini. Mambo ya Kilatini sikuyaelewa, ila nilielewa kwamba kuna watu wakubwa waliokuwa na shaka, na kwamba Kulwa wangu alikuwa upande ule wenye shaka. Mtu mmoja wa nyumbani alikuwa hamwombei. Nikafikiri kosa si lake. Karatasi tu imekosekana katika kitabu chake.

Siku ya pili baba alipokwenda shambani, nilichukua wembe. Ule ukurasa wa Biblia ya baba unaosema ni vyema kuwaombea waliokufa niliujua, kwa kuwa baba aliusoma siku ya mazishi na kuuwekea uzi. Niliukata vizuri. Baba mdogo alipokuja kupima pamba, aliacha Biblia yake juu ya turubai akaenda kunawa. Nikauingiza katikati, nikarudi kuchambua.

Aliuona siku ya ibada yao, mbele za watu. Alikuja moja kwa moja nyumbani, akampa baba. "Kaka, hii ni yako. Siwezi kukaa na neno nisiloliamini. Ila nimeshindwa kulichana."

Baba aliniangalia. Nilisema ukweli. Nilingoja fimbo, lakini baba alikaa chini akapiga chafya, kisha akafuta macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi la pamba. Baba mdogo alichuchumaa mbele yangu. "Doto, mama, ulitaka nimwombee?" Nikakubali kwa kichwa. Hakuniahidi. Baba aliubandika ukurasa kwa ugali laini, wakaubana wote wawili kwa viganja vyao mpaka ukashika.

Leo Bariadi ni mji wa mkoa. Makanisa ni mengi, kila moja na spika zake, na kila mmoja ana uhakika. Sisomi sana, niliishia darasa la saba, na kama vile vitabu saba viliongezwa au vilipunguzwa sijaweza kujua hadi leo. Ila sijasikia tena mtu akisoma kwa sauti mstari unaompinga mwenyewe kwa sababu tu ameulizwa. Biblia ya baba ninayo mimi. Mende walikula ule ugali pembeni, na maneno mawili hayasomeki.

Mwaka jana baba mdogo aliugua. Nilikwenda kumwangalia, nikakaa kwenye kiti karibu na kitanda chake. Akasema, "Doto, nikifa utaniombea?"

"Nitakuombea, baba mdogo."

"Kanisani kwetu hawaruhusu."

"Najua."

"Basi omba polepole, wasikusikie. Na ukifika kwa Kulwa, taja majina yetu pamoja."

Alizikwa kwa nyimbo nzuri, bila kuombewa. Nilisimama nyuma ya wanawake, midomo imefungwa, nikawataja wote wawili.