Gunia la Michembe Limelishinda Kabati Langu

Jamani, leo nimeshindwa na gunia la michembe!

Kesho tunahamia kisiwani, mume wangu kahamishiwa shule ya huko. Boti haibebi kila kitu, nimechambua vyombo tangu asubuhi.

Mara mama mkwe huyo, katoka Ushirombo na gunia zima la viazi vikavu.

Nikamwambia, "Mama, nafasi hakuna. Na kule samaki wapo, hatutalala njaa."

Akacheka. "Nani kakwambia ni yenu? Ni ya kuwagawia majirani. Mjukuu wangu akiugua usiku, utagonga mlango wa nani?"

Nikarudi kwenye mizigo ya kesho. 🙆🏾‍♀️

Nimelishusha kabati langu la vioo (jamani, kabati langu!). Gunia limepanda.

Jirani yangu Mama Neema, ukisoma hapa, njoo ulichukue hilo kabati. Mlango wako nimeugonga sana.