Ramadhani Niliyodhani Mimi Ndiye Shetani

Harufu ya pepeta inakufikia kabla hujauona moshi. Ni mpunga uliovunwa mapema, punje bado laini, ukakaangwa chunguni mpaka ubadilike rangi, kisha ukatiwa kinuni ungali wa moto na kutwangwa mpaka punje zilale bapa. Ukipoa umeharibika, unavunjika vunjika tu, kwa hiyo watwangaji hawana nafasi ya kupumzika wala kuvuta kamasi. Harufu yake ina ubichi wa shamba na utamu wa kitu kilichoungua kidogo, na ikishaingia puani haitoki. Basi fikiria harufu hiyo nyuma ya nyumba, saa kumi za alasiri, na wewe una miaka tisa na umefunga. Nasema fikiria, maana mimi sihitaji kufikiria.

Niliitwa Mwamvita kwa kuwa nilizaliwa watu wakiwa vitani. Mwaka ninaousimulia vita vilikwisha zamani, Mwingereza bado yupo, na Ramadhani iliangukia wakati masika yamekatika na mpunga wa bondeni unaanza kujaa. Baba alikuwa Soga, kwenye genge la kutengeneza reli, na nyumbani tulimwona mara chache. Mama alikwenda kwao kujifungua, nami nikaachwa Kisarawe kwa Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akikaa na binti yake wa mwisho, Shangazi Zena. Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Akikupenda alikutania, akikukasirikia alikutania zaidi, na mtoto ilikuwa kazi yako kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Nilimpenda mno. Hata leo nikiitwa mbea na wajukuu zangu, nafurahi, najua nimemrithi nani.

Kwetu mtoto alianza kwa kufunga nusu, adhuhuri anapewa kiporo chake na kusifiwa hivyo hivyo. Ila siku alipofunga kutwa nzima, alitoka jikoni kwa watoto akakaa mkekani na wanawake wakubwa, na bakuli la kwanza la uji alikabidhiwa yeye, kwa mkono wa mkubwa wa nyumba, na jina lake likatajwa. Mimi mkeka ule niliutaka kuliko nguo ya Idi. Na nilikuwa na hakika nitaupata, kwa sababu Mwalimu Sefu, aliyetusomesha Kurani chuoni, alikuwa ametueleza kwamba mwezi wa Ramadhani mashetani wote hufungwa minyororo. Nilimuuliza kama ni minyororo minene kama ya kwenye treni. Akasema ni minene zaidi. Basi nikapiga hesabu yangu ya kitoto: anayewatia watu tamaa ni shetani, shetani amefungwa, kwa hiyo mwezi huu tamaa haipo. Kufunga kutakuwa kulala na kuamka.

Na kweli, siku mbili za kwanza zilipita salama. Koo lilikauka, tumbo lililia, lakini nilijiambia hiyo ni njaa tu, siyo tamaa. Magharibi nilikaa mkekani nimenyoosha mgongo kama bibi harusi. Bibi alinipa uji, akatangaza kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu, "Mwamvita wangu kafunga! Kafunga kutwa, jamani!" Jirani wakanipongeza. Nilijiona nimekua, naam, na wenzangu wanaofunga nusu niliwaona watoto.

Siku ya tatu Bibi akaamua kutengeneza pepeta. Yeye na Shangazi Zena walishika michi, wakapokezana, huyu akiinua yule akishusha, na mimi nikapewa ungo nipete kando ya banda la kuku, mahali penye upepo. Kila nilipopeta, maganda yaliruka na harufu ikanirudia usoni. Pepeta ilikuwa ya moto bado, naihisi kwenye vidole. Mate yakanijaa mdomoni. Nikayatema. Yakajaa tena. Kisha nikasikia kitu ndani kikisema, punje mbili tu, nani atajua. Niliganda. Niligeuka nikaangalia nyuma ya banda, nikaangalia juu ya paa la makuti, hata chini ya tenga la kuku nilichungulia. Hakukuwa na mtu. Shetani alikuwa kwenye minyororo yake, minene kuliko ya treni, Mwalimu alikwisha kusema. Sasa huyu anayesema nami ni nani? Nikiwa bado natafuta jibu, mkono ulikwisha fika mdomoni. Na siyo punje mbili. Gao zima, kiganja kimejaa, na gao la pili juu yake, nikatafuna haraka haraka macho nimeyafumba. Wallahi sijala kitu kitamu vile tena.

Nilipomeza tu, hofu ikanishika. Kama mashetani wote wamefungwa na mmoja amebaki nje akisema kando ya banda letu, basi huyo aliyebaki ni mimi. Halikuwa wazo la mchezo. Niliamini. Nilijitazama miguu kama imeanza kubadilika kuwa kwato. Nikakimbilia mtungini, nikasukutua, nikachukua mswaki nikasugua meno mpaka fizi zikauma, nikarudi kupeta. Bibi alipokuja kuchukua ungo alitazama pepeta, akatazama kuku, akasema, "Hawa kuku wa mwaka huu wana njaa."

Ubaya ni kwamba jioni hiyo Mwalimu Sefu naye alifika kufuturu. Wanaume walikaa upande wao barazani, sisi upande wetu, lakini hakuna neno lisilosikika. Adhana ikatoka. Bibi akanyanyua bakuli, akanielekea uso umejaa furaha. "Pokea, mfungaji wangu. Siku ya tatu leo." Nikanyoosha mikono, na mikono ikakataa. Ningeunywa ule uji kimya, ningebaki mkekani na sifa zangu, na shetani wangu angebaki ndani yangu daima. Nikaangua kilio. "Bibi, usinipe! Mimi ndiye shetani!"

Shangazi Zena alitema tende. Bibi akaweka bakuli chini. Nikaeleza yote, minyororo, banda la kuku, magao mawili, mswaki, na huku nalia nikamlaumu Mwalimu kwamba alituambia tamaa haitakuwepo. Kule barazani Mwalimu akajikohoza, akasema kwa upole, "Mwanangu, wewe si shetani. Shetani hufungwa, lakini nafsi ya mtu haifungwi, anakaa nayo mwenyewe na kuifundisha. Na wewe bado mtoto, saumu haijakulazimu."

Bibi hakuridhika. "Mwalimu, shikamoo yako ipo pale pale, lakini nafsi gani tena? Huyu ana pua, ana tumbo. Mungu kaumba mpunga unukie, kampa mtoto pua ya kunusia. Kutamani ndiko kuumbwa kwenyewe huko."

"Bibi, tukisema hivyo kila mtu atakula tu."

"Sikusema ale. Nasema asiambiwe ni shetani. Na wewe mwenyewe, juzi hukuja, jana hukuja. Leo nani kakuleta hapa, minyororo au pepeta?"

Jamani! Kicheko kilichotoka barazani kilishtua kuku. Mwalimu Sefu alicheka mpaka akaomba maji, akasema, "Yaishe, Bibi, umenishika." Hapo ndipo Bibi aliponigeukia, na safari hii hakutania. Aliniambia, "Kutamani umezaliwa nako. Kule kula, mkono wako ulikushinda, utaufundisha. Lakini kule kusugua meno ili nisijue, hakuna aliyekuzaa nako. Hila hiyo umeitafuta mwenyewe." Kisha akanitoa mkekani, nikarudi jikoni kwa watoto. Niliumia, lakini tumbo lilikuwa jepesi na miguu yangu ilikuwa miguu ya mtu. Kesho yake nilifunga tena, nikatamani tena tangu asubuhi mpaka jioni, na sikuogopa. Siku tano baadaye Bibi alinirudisha mkekani bila kusema neno, akasogea tu kunipa nafasi.

Hayo yamepita miaka mingi. Sasa nakaa Kibaha kwa binti yangu, na duka la Maili Moja linauza kila kitu ambacho utotoni sikujua hata kukitaja. Kati ya Bibi na Mwalimu, mpaka leo sijui nimpe nani ushindi. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu kuifundisha nafsi, nimeifundisha maisha yangu yote, wakati mwingine ikanisikia. Lakini kuna jambo ambalo wote wawili hawakuniambia, labda hawakuishi vya kutosha kulijua. Kwamba tamaa huja ikaondoka. Mwaka wa tatu huu daktari wa hospitali ya Tumbi amenikataza kufunga kwa sababu ya sukari na presha. Ramadhani nzima chakula kipo, ruhusa ipo, wakati ni wangu, na mimi natazama sahani kama natazama ukuta. Nakula kwa sababu dawa inataka. Nilipokuwa na miaka tisa nililia kwa kuwa natamani. Sikudhani nitafika siku ya kusikitika kwa kuwa sitamani.

Sina manung'uniko, nimekula sehemu yangu ya dunia. Lakini juzi, baada ya alasiri, jirani alikuwa anakaanga vibua kwa ajili ya futari. Upepo ukaleta harufu dirishani, pilipili na ndimu na mafuta yanayochemka, na ghafla mate yakanijaa mdomoni. Nilishangaa. Nikakaa kitako kitandani, nikacheka peke yangu kwa sauti. Mjukuu wangu Rehema, aliyekuwa amefunga, akaja mbio kutazama kuna nini.

"Bibi, unacheka nini?"

"Natamani samaki."

"Basi ngoja nikakuombee kipande, wewe si umeruhusiwa?" Akageuka kwenda, nikamshika kanga.

"Kaa kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Usiende sasa hivi. Niache nitamani kidogo."