Alipobabuka Mwanangu

Mke wangu alikwenda Morogoro kufanya mitihani yake ya ualimu, akaniachia mtoto wa miezi tisa, mkoba wa nguo zake, na maelezo aliyoyaandika kwenye karatasi akayabandika kwenye mlango wa friji. Siku kumi tu, alisema. Mimi ni fundi friji. Wakati ule karakana yangu ilikuwa Kerege, kando ya barabara, na nyumba tuliyopanga ilikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Nilimwambia aende kwa amani. Mtoto mmoja, wa kike, anakula uji, anakunywa maziwa, mchana analala. Nilidhani nimepewa kazi nyepesi kuliko kubadilisha kompresa.

Siku mbili za kwanza nilijitahidi. Ya tatu niliharibu.

Asubuhi ile alinikuta nikinywa juisi ya machungwa, akanyoosha mikono na kulialia mpaka nikampa. Hakuwa amewahi kuinywa. Kabla ya adhuhuri tumbo likaanza kumwendesha. Nami nilikuwa na friji ya muuza samaki iliyozima ghafla, samaki wamejaa ndani, barafu inayeyuka, na mwenyewe amesimama nyuma ya mgongo wangu akiguna. Mtoto alikuwa ameketi mkekani karibu na meza ya kazi, akigonga kopo tupu chini. Nikasikia harufu. Nikajiambia, nimalize kuunga bomba hili. Nikaliunga, nikajaza gesi, nikangoja nione kama inashika baridi. Alipoanza kulia nikampa biskuti. Nilipokuja kumvua ile nepi ya dukani, adhuhuri ilikwisha pita na alasiri inakaribia.

Alikuwa mwekundu kuanzia kiunoni mpaka katikati ya mapaja. Nilimfuta kwa vile vitambaa vya maji vyenye manukato, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikaogopa nikafuta upesi upesi, na kufuta upesi ndiko kulikozidi kumuumiza. Kisha nikamnyunyizia poda nyingi, kwa kuwa nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo, nikamfunga nepi nyingine. Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa imebabuka. Mahali pengine ilitoa majimaji, na poda imegandamana kwenye mikunjo kama unga uliolowa. Akiniona nainama kumshika tu, alikuwa anakakamaa miguu.

Sikumpigia simu mke wangu. Nilijiambia sitaki kumvuruga na mitihani yake. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilifunga karakana, nikamfunika mtoto kwa kanga ya mama yake, nikachukua bajaji mpaka Bagamoyo kwa Mama.

Mama alikuwa akiishi mtaa wa zamani, katika nyumba ya mawe aliyoiacha babu yangu, pamoja na dada yangu ambaye ni mpishi shuleni na hurudi jioni. Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilimla taratibu, jicho moja kisha la pili, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha tangu alipoona mwanga mara ya mwisho. Tulikuwa tukimpelekea mjukuu wake, tukimweka mapajani mwake huku sisi tumekaa karibu kabisa, halafu baada ya muda tunamchukua. Hatukuwahi kumwachia peke yake, hata kwa muda wa kwenda dukani na kurudi. Hakuna aliyesema kwa nini. Mama naye hakuuliza.

Nilipiga hodi na kumwamkia.

"Marahaba," akaitikia. "Mbona hukunipigia simu kwanza? Na huyo mke mwenzangu mbona analia hivyo? Huyo halii njaa."

"Amebabuka, Mama. Amebabuka na nepi."

Alinyoosha mikono. Nilisita kidogo, na najua alikuhisi kule kusita kwangu, kwa sababu mikono yake ilibaki imenyooka bila kutikisika mpaka nikamkabidhi. Akamlaza juu ya mapaja yake, akamfungua nepi, akainamisha uso akanusa.

"Umempaka poda."

"Kidogo."

"Poda juu ya kidonda." Akatingisha kichwa. "Haya. Chemsha maji. Yapoe mpaka ukitia kiwiko usisikie moto wala baridi. Sabuni usilete. Halafu fungua sanduku langu, utoe kanga kuukuu kuliko zote."

Tulimwosha uani, kivulini. Mama alimshika mtoto kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akawa anateka maji kwa bakuli kutoka kwenye beseni na kuyamwaga, yatiririke tu. Hakusugua mahali popote. Poda ilipokataa kutoka alimwaga tena, na tena, akiongea naye taratibu. "Yamekwisha, bibi wee, yamekwisha. Ni baba yako huyu, hajui, tutamfundisha." Mtoto alilia mwanzo, halafu kilio kikawa kwikwi, halafu kikakoma. Kisha Mama akanipa mtoto nimkaushe.

"Usifute. Gusisha kitambaa, inua. Gusisha, inua. Na wakati wote kumbuka, kwa mtoto wa kike mkono unatoka mbele unakwenda nyuma. Haurudi."

Nilipomaliza akasema, "Sasa mimi nina mikono, macho unayo wewe. Niambie unaona nini."

"Pekundu."

"Wekundu una aina. Kama nyanya? Kama nyama?"

"Mapajani kama nyanya. Kwenye makalio kama nyama."

"Ndani ya mikunjo?"

"Pamechanika kidogo. Panang'aa."

"Na pembeni, pale wekundu unapoishia, kuna vipele vidogo vimejitenga?"

Simu yangu ilikuwa inaita. Alikuwa yule muuza samaki. "Hakuna," nilisema, nikainuka kupokea.

Wiki ile sikurudi Kerege. Mama alichana ile kanga kuukuu vipande vipande vya winda, akasema nepi za dukani zipumzike kwanza mpaka ngozi ipone. Muda mwingi wa mchana mtoto alikuwa hana kitu. Alilala kifudifudi juu ya mkeka uani, upepo ukimpiga, na Mama ameketi kando yake, mkono mmoja umeugusa mgongo wake. Alitukojolea sote. Mama alibadilisha kanga mara tatu kabla ya adhuhuri ili awe twahara kwa sala, na kila mara alicheka kama mtu aliyechekeshwa na jambo jipya. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji, kufua mawinda na kuyasuuza. Mama aliyanusa yakiwa bado yamelowa, na akisikia sabuni hata kwa mbali ananirudisha bombani. Wakati wa mtoto kulala tulimpaka mafuta ya mgando, mazito, bila kusugua, ndipo tukamfunga winda kwa ulegevu.

Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akija kuchota maji kwetu, alisimama akatutazama. "Mwanamume anaosha winda! Mnyunyizie unga wa muhogo huyo mtoto, kesho kapona."

"Unga tunaula," Mama akamjibu. "Chota maji yako, dada yangu, uende salama." Wote wawili wakacheka.

Nikikumbuka sasa, siku zile zinanijia pamoja na harufu yake: kanga iliyoanikwa juani, moshi wa vifuu vya nazi jikoni, na karafuu aliyokuwa akitafuna Mama. Sikuwa nimekaa na mama yangu mchana kutwa tangu nimalize shule. Nilikuwa nikimtembelea kama mgeni, kiatu kimoja mguuni.

Siku ya tatu, baada ya kumwosha asubuhi, Mama alipitisha mgongo wa kidole chake juu ya mapaja ya mtoto, taratibu mno.

"Mapaja yanapona," alisema. "Lakini nikikaribia mikunjo, bado anashtuka. Na panatoa joto. Nilikuuliza habari ya vipele."

"Nilikwambia hakuna."

"Ulitazama?"

"Nilitazama, Mama."

"Ulitupa jicho. Kutupa jicho si kutazama. Mlete hapa mlangoni penye mwanga. Piga magoti."

Nilipiga magoti. Nikafungua mkunjo wa kinena kwa vidole viwili, kama alivyonionyesha. Vilikuwepo. Vipele vidogo vyekundu, vimetawanyika nje ya ule wekundu mkubwa, vingine hata tumboni chini ya kitovu, na kimoja kimoja kilikuwa na ngozi nyeupe inayobanduka. Huenda vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Huenda hata siku ile ya poda.

"Vipo," nikasema.

Nilimtazama Mama usoni, macho yake yameelekea ukutani, na nilitamani anigombeze.

"Hiyo ni fangasi," alisema. "Haitoki kwa maji wala kwa mafuta yangu. Mpeleke zahanati sasa hivi. Usipite duka la dawa ukapewa mafuta yoyote tu ya ukurutu, maana mengine yanazidisha. Wamwone."

Zahanati, muuguzi alimlaza kwenye kitanda chenye mpira, akatazama kwa muda ambao mimi sikuwa nimeutumia. Alisema kama Mama alivyosema. Akanipa dawa ya kupaka, niipake kidogo tu asubuhi na jioni kwenye ngozi iliyokauka vizuri, na akasisitiza nisiiache siku nitakapoona amepona, niendelee siku kadhaa mbele. Mafuta ya mgando yaje baada yake, juu yake. Na nikiona homa, malengelenge au usaha, nirudi bila kungoja kesho. Halafu akauliza ni nani anayemwosha.

"Bibi yake," nilisema. "Haoni."

Aliinua uso. "Mwambie aendelee hivyo hivyo."

Niliporudi nilimkuta Mama ameketi palepale kizingitini nilipomwacha. Nikamweleza yote, na mwisho nikasema, "Nisamehe, Mama. Uliniuliza, nami nikakujibu bila kutazama."

"Mimi hukunikosea. Tumemchelewesha siku tatu, Mungu atatusamehe." Akampokea mtoto. "Wewe mwenyewe nilikuchelewesha wiki nzima, na wakati huo nina macho mawili mazima. Tulikuwa Mkange, msimu wa kuvuna mpunga. Nilikuwa nakufunga asubuhi nakulaza kivulini shambani, nakufungua jua likielekea kuzama. Na mawinda yako nayafua kwa magadi, sisuuzi vizuri, maji yalikuwa mbali. Ukachunika mpaka damu."

Sikuwa nimeisikia habari hiyo kamwe. "Ikawaje?"

"Bibi yako mzaa baba yako alikuja kututembelea. Akakufungua, akaona. Nikasema leo nitatukanwa mimi. Hakusema neno. Alikuchukua tu, akaketi na wewe siku nne, na mimi akaniambia nivune. Nililia peke yangu kwenye mpunga." Akamgeuza mtoto mapajani. "Baba yako hakujua mpaka anakufa."

Alicheka, nami nikacheka, na mtoto akatutazama mmoja baada ya mwingine akijaribu kujua kilichotuchekesha.

Siku mbili baada ya dawa vile vipele vilianza kufifia. Ya nne mikunjo ilikauka. Siku hiyo nilipoinama kumfungua winda hakukakamaa. Alirusha miguu juu, akaushika unyayo wake, akautia mdomoni. Nilimpigia simu mke wangu jioni hiyo, mitihani yake mikubwa ikiwa imekwisha, nikamwambia kila kitu, juisi na friji na poda na siku tatu.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.

"Amelala. Mapajani kwa Mama."

"Na wewe uko wapi?"

"Bombani. Nafua."

Nikamsikia akipumua. "Suuza vizuri," akasema.

Alikuja Bagamoyo moja kwa moja kutoka stendi, mkoba begani, hata Kerege hakupita. Alimfungua mtoto akamkagua mkunjo kwa mkunjo. Palikuwa pamebaki weusi kidogo tu pale palipokuwa pamechanika. Alipomaliza alikwenda kuketi mkekani, karibu na Mama, akaushika mkono wake.

"Mama, nikianza kufundisha mwezi ujao, mtoto nitamwacha na nani?"

Mama alifunga vizuri ushungi wake ambao haukuwa umelegea. "Watu watasema mmemwachia mtoto kipofu," alisema.

"Waseme."

Ndivyo tulivyohama Kerege. Nikafungua karakana nyingine Bagamoyo, mtaa wa pili kutoka kwa Mama, na kila asubuhi nikawa nampitisha mtoto kwa bibi yake kabla ya kufungua. Msichana aliyeletwa na dada yangu alikuja kuwasaidia maji na jikoni, lakini kuoga na kufungwa nepi kulikuwa kwa bibi, hakuna aliyegombea. Mtoto alijifunzia kutembea ndani ya ua ule. Nilikuwa nikiwakuta mchana, mmoja miguu haijashika vizuri, mwingine haoni, wameshikana mikono wakivuka ua kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, na hatukuwahi kujua ni nani hasa aliyekuwa akimwongoza mwenzake. Mama aliishi kwa miaka mitano zaidi. Mwanangu sasa yuko darasa la tatu, na anasema anamkumbuka bibi yake, hasa sauti.